Orkestra ya rumba kwenye kituo cha angani: jibu kwa mpiga mi-solo wa Goma

Swali la msomaji: «Napiga mi-solo, lile gita la katikati ya solo na akompanyama, katika orkestra ndogo hapa Himbi, Goma, na napenda sana michezo ya kutisha ya kompyuta. Nataka kutengeneza mchezo mfupi wa kishabiki: orkestra yetu iko kwenye kituo cha angani, na wale wanamuziki-mashine wa Five Nights at Freddy's wanatuwinda. Nimeandika kurasa kumi, lakini kila ninayemwonyesha anacheka mwanzoni, kisha anachoka. Nina simu, na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Nianzie wapi? Na je, naruhusiwa?»

Ndugu, wazo lako ni zuri, tena lina mizizi kuliko unavyodhani. Kinachowachosha wasomaji wako ni kwamba umechukua sura za dunia tatu ukaziacha sheria zake. Freddy yule dubu wa chuma, gita na dirisha lenye nyota vimewekwa chumba kimoja, lakini hakuna kinachomlazimisha mwenzake kufanya lolote. Mtu akishaona mkutano huo ameshaumaliza.

Kwa mchoro mmoja, mkutano unatosha. Tarehe 20 Machi 2020, michezo ya Doom Eternal na Animal Crossing: New Horizons ilitoka siku ileile, na mashabiki wakachora bila kuchoka yule muuaji wa mashetani wa Doom akiwa rafiki wa Isabelle, mbwa mpole wa kisiwani. Utani ule ulidumu kwa sababu picha huangaliwa kwa sekunde tano. Wewe unataka kumshika mtu dakika kumi, na dakika kumi hazibebwi na sura.

Kwa hiyo kwa kila dunia jiulize: ukiondoa majina na picha, inabaki sheria gani? Five Nights at Freddy's, ule mchezo wa 2014 unaoupenda, una sheria kali sana. Mlinzi amekaa ofisini usiku, ana mlango wa kufunga, taa ya kuwasha na kamera ya kuangalia, na kila anachotumia kujilinda kinakula umeme. Umeme ukiisha, milango inafunguka. Kinachokulinda ndicho kinachokumaliza. Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa hofu ya umeme unaokwisha. Chukua sheria hiyo, mwache dubu.

Rumba yetu nayo ina sheria: kwanza sauti za waimbaji, polepole, kisha sauti zinarudi nyuma, magita yanashika njia, sebene (kile kipande cha magita cha kuchezea) inaanza, atalaku (mchangamshaji) anaita na watu wanacheza. Na kituo cha angani kina sheria moja inayozidi zote: hakuna kitu cha bure kule, hata hewa hutengenezwa na kusukumwa na mashine.

Sasa tafuta kitu kimoja ambacho sheria zote tatu zinakigusa. Mimi nakiona ni pumzi. Mwimbaji anaitumia, mchezaji wa sebene anaitumia zaidi, kituo kinaihesabu. Na kwa ubaya wa pumzi, Goma ina neno lake ambalo hata wanasayansi wa volkano wa nchi za mbali wamelichukua kama lilivyo: mazuku.

Unaijua, lakini tuiweke sawa kwa ajili ya mchezo. Mazuku ni hewa ukaa inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa magharibi mwa mji kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa chini kama maji ndani ya beseni. Haionekani. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inazidi. Jua na upepo wa mchana huipunguza. Mbuzi mwenye pua karibu na ardhi huanguka kabla ya mtu aliyesimama. Ndiyo maana kila mzazi kule anamwambia mtoto asishuke shimoni.

Hapa ndipo mseto wako unapopata meno. Juu ya obiti hakuna chini. Hewa ya joto haipandi, nzito haishuki, na pumzi aliyoitoa mtu aliyelala inabaki kama wingu mbele ya uso wake ikiwa feni haiisukumi. Hewa safi ina takriban asilimia 0.04 ya hewa ukaa. Tunayoitoa mdomoni ina takriban asilimia 4. Kwa hiyo feni ikifa, mtu anajitengenezea mazuku yake mwenyewe, penye kichwa chake. Mchezaji wa Goma ataingia chumbani na akili aliyofunzwa tangu utotoni, atafute pa juu pa kukimbilia, na asipaone. Hofu hiyo haihitaji dubu wala kelele ya ghafla. Kanuni anayoiamini imekufa tu.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu hofu inabaki maneno. Pangeni wimbo kwa mapigo 120 kwa dakika. Kipimo kimoja cha mapigo manne ni sekunde 2. Vipimo nane ni sekunde 16. Hiyo sekunde 16 iwe saa ya mchezo mzima. Kila chumba kipe namba ya hewa, kuanzia 0 hadi 100. Ikifika 100 waliomo wanazimia. Chumba kisicho na mtu hakipandi.

Watu wakipumua tu, ongeza 1 kwa kila kipimo. Kila mstari ulioimbwa uongeze 4, na mistari iwe minne katika vipimo nane. Wakati wa sebene hakuna mistari, lakini watu wanacheza, kwa hiyo kupumua kunakuwa 2 kwa kipimo. Feni hai inaondoa 3 kwa kipimo. Piga hesabu: kuimba penye feni hai kunaongeza 24 na kuondoa 24, namba inasimama. Feni ikifa, kuimba kunakufikisha 100 kwa takriban sekunde 67, sebene kwa sekunde 100, na kukaa kimya kwa sekunde 200. Wimbo umeshakuwa silaha yenye makali pande zote mbili, na hujaandika neno hata moja la hadithi.

Kinachobaki ni kumlazimisha aimbe. Fanya hivi: mashine ya kituo inawasha feni iliyokufa ikisikia mistari minne kamili, imeimbwa ndani ya chumba chenyewe. Unalipa pumzi ili kununua pumzi. Akianza chumba kikiwa 70, atamaliza kikiwa 94 na feni itazunguka. Akianza kikiwa 80, atazimia akiwa kwenye mstari wa mwisho. Usimwonyeshe namba. Aisikie.

Namna ya kuisikia ndiyo kazi yako wewe hasa, mpiga gita. Watu wengi wakitaka kutisha wanaongeza sauti: ngoma nzito, mlio, kelele. Wewe punguza. Rekodi sehemu nne za sebene: solo, mi-solo, akompanyama (gita la kushikilia mdundo), na besi pamoja na maraka (manyanga). Namba ya chumba ikifika 30, mi-solo inanyamaza. Ikifika 55, akompanyama inafuata. Ikifika 80, besi na maraka zinatoka, na solo inabaki peke yake ikizunguka mahali pamoja. Nimeiweka mi-solo ya kwanza makusudi. Imekaa katikati ya solo na akompanyama, inaziba nafasi, na msikilizaji wa kawaida hajui kwamba anaisikia mpaka itoke. Ghafla muziki una tundu, na yeye hajui tundu liko wapi. Usianze na besi: spika ya simu haitoi vizuri sauti za chini, kwa hiyo nusu ya wachezaji wako wasingesikia onyo lolote.

Kosa moja litakupata kwa hakika: namba ikicheza kati ya 29 na 31, mi-solo itakuwa inaingia na kutoka kama waya uliolegea. Itoke kwenye 30, lakini isirudi hadi namba ishuke 24. Fanya hivyo kwa kila sehemu, tofauti ya 6.

Kurekodi, simu yako inatosha. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gita, ikielekea pale shingo inapoungana na mwili, si mbele ya tundu, maana tundu linatoa mvumo unaofunika nyuzi. Tundika blanketi nyuma ya mpigaji. Mvua ikipiga mabati, acha, subiri. Hata programu nzuri hutenganisha matone na nyuzi kwa shida. Jenereta ya jirani inaacha mvumo wa umeme wa 50 Hz, na wenzake wa 100 na 150. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, unaweza kuukata kwa kichujio chembamba kwenye namba hizo tatu. Kila mpigaji asikilize mapigo ya 120 kwa visikilizi vya waya. Vya Bluetooth vinachelewesha sauti, na ucheleweshaji huo utakuta umeingia ndani ya rekodi. Magita yote yafungwe kwa kipimo kimoja cha A 440 kila siku mnaporekodi, la sivyo akompanyama ya Jumatatu itagombana na solo ya Alhamisi.

Kila faili iwe na urefu uleule kabisa: sekunde 16, yaani sampuli 705,600 kwa 44,100 Hz. Toa kwa OGG, usitoe kwa MP3, kwa sababu MP3 inaongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, na kila mzunguko ukirudi utasikia pengo. Kwa OGG ya kbps 96 faili moja ni takriban KB 192, zote nne hazifiki MB 1. WAV zingekuwa zaidi ya MB 11, na anayepakua kwa megabaiti za kununua angekulaani. Ndani ya mchezo, anzisha faili zote nne kwa pamoja katika fremu ileile na usizisimamishe kamwe. Unachobadilisha ni sauti tu, kutoka 0 dB (kamili) hadi −80 dB (haisikiki). Ukisimamisha mi-solo na kuianzisha tena baadaye, itaingia nje ya pigo, na hapo mtu ataona ni kosa lako, hataogopa.

Kwa laptopu ya GB 4, tumia Godot ya toleo la 3, programu ya kutengenezea michezo, ambayo inakubali kadi za picha za zamani. Ni ya bure. Lakini kabla ya hapo, chumba kimoja kiandike kwa Twine, programu ya hadithi za kuchagua, maneno tu. Inatoa faili moja ya HTML inayofunguka kwenye simu bila intaneti, na utajua ndani ya siku mbili kama uchaguzi wa kuimba au kunyamaza unamuuma mtu. Ukiandika vyumba vitano kabla ya kujua hilo, utavitupa vitano. Na hifadhi nakala kwenye simu kila umalizapo, umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, faili inaweza kuharibika yote.

Sasa upande wa kuchekesha, ambao naona umeuogopa kidogo baada ya wasomaji wako kuchoka. Usiuache. Ila utani utoke kwenye sheria za pale, si kwenye majina. Mcheza ndombolo akielea, akizungusha kiuno kulia, kifua chake kitazunguka kushoto, kwa sababu hana sakafu ya kushikilia. Mpiga dramu akikanyaga kanyagio, atasukumwa nyuma hadi afungwe kamba. Tai ya mwanasape, yule mpenda mavazi maridadi, haikai kifuani. Bia haitoi povu juu, maana mapovu hayajui juu ni wapi. Mambo haya ni ya kweli, ndiyo maana yanachekesha mara ya pili pia.

Kisha chukua kichekesho kimoja na ukigeuze. Nichukulie maraka. Dakika ya kwanza, atalaku anaiachia mkononi ili apige makofi, na inaondoka taratibu hewani, inazunguka, inapita mbele ya uso wa mpiga solo, inakwenda kunata kwenye wavu wa kuvuta hewa ukutani. Wote wanacheka, anaifuata, anaibandua. Kwenye vituo vya angani vya kweli, kitu kikipotea mara nyingi hupatikana kwenye wavu wa aina hiyo, kwa sababu mkondo wa feni hubeba kila kilichoachwa. Dakika ya nne anaiachia tena, kwa mazoea. Safari hii inabaki palepale alipoiacha. Inazunguka tu, haiendi popote. Hakuna aliyeandikiwa neno feni, lakini kila mchezaji mwenye akili ataelewa, na tangu hapo kila akiingia chumba kipya ataiachia maraka kwanza ili aitazame. Kichekesho kimekuwa kipimo chake cha mazuku. Kicheko na woga visije pamoja kwenye sekunde moja, vinauana. Kicheko kitangulie, kisha kitu kilekile kirudi na sura nyingine.

Mazungumzo yawe mafupi, na yawe ya kwetu. Mashine ya kituo iongee Kifaransa cha ofisini, waimbaji waimbe Kilingala kama wanavyoimba kila siku, na wao kwa wao waseme Kiswahili cha Goma:

— Feni iko nazunguka?
— Angalia maraka.
— Ilisimama.

Hayo yanatosha. Ukiongeza maelezo ya gesi mdomoni mwa mhusika, umeua.

Umeandika pia kwamba hujui orkestra imefikaje kule juu. Sababu ya kweli ipo, na ni nzuri kuliko roketi ya tajiri uliyoiandika ukurasa wa pili. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja na sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye takriban dakika 90 za muziki wa dunia. Ndani yake mna wimbo wa unyago wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, uliorekodiwa na Colin Turnbull, sekunde 56. Nchi iliandikwa Zaire, jina letu la wakati huo. Kuna pia salamu za lugha 55, na Kiswahili hakimo. Basi waliosikia sekunde 56 wamejibu, na wanataka nyingine kutoka upande uleule. Mnapelekwa nyinyi, hadi kule Voyager 1 ilipo. Ujumbe kutoka Voyager 1 hadi duniani sasa huchukua zaidi ya saa 22, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza chochote na kupata jibu kabla hewa haijaisha. Umepata sababu ya safari na upweke wenu kwa aya moja.

Ukitaka tukio la nje ya kituo, liwe moja tu. Katika utupu sauti haisafiri. Mchezaji akitoka kubadilisha kifaa, kata muziki wote. Akigusisha kofia yake na ukuta, urudishe ukiwa umechujwa kila kilicho juu ya 500 Hz, kama ngoma ya nyumba ya pili usiku. Akiachia ukuta, kimya. Akigusa tena na kukuta mi-solo haipo, anajua wenzake wamefika 30.

Kuhusu ruhusa. Sheria za mchezo, kama ile ya umeme unaopungua, hazina mwenyewe. Picha, sauti, majina na wahusika vina mwenyewe. Ukimwacha dubu kama nilivyosema, umebaki huru, na unaweza hata kuuza. Ukimtaka abaki, utoe bure, uandike wazi kwamba ni kazi ya shabiki, usinakili sauti wala picha kutoka kwenye mchezo wenyewe, na ujue kwamba mwenye mali anaweza kukuambia uiondoe. Kwa muziki kuwa mkali zaidi: nchini mwetu haki za mtunzi zinalindwa na amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na kukata sebene kutoka kwenye rekodi ya orkestra kubwa bila ruhusa ni kosa hata kama hupati hata franka. Pigeni yenu. Mnajua kupiga.

Mambo mawili nayasema kwa uzito. Usiende kurekodi kwenye shimo lenye mazuku ili upate «sauti ya kweli». Mazuku haina sauti, na aliyeinama kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Na kwenye mchezo wako usitumie majina wala nyuso za waliokufa kwa gesi au kwa moto wa Nyiragongo wa Januari 2002 na Mei 2021. Familia zao zinaishi mitaa ileile na watakaocheza mchezo huu. Neno mazuku ni la kila mtu wa Goma. Msiba wa nyumba fulani ni wa nyumba hiyo.

Chumba cha kwanza kikikamilika, mwite mtu asiyepiga chombo chochote, mpe visikilizi, mfunge macho kwa kitambaa. Ua feni bila kumwambia. Mwambie ainue mkono akihisi kuna kitu kimebadilika. Akiinua kati ya 30 na 55, endelea na chumba cha pili. Akiinua baada ya 55, mi-solo imerekodiwa chini mno: ipandishe 3 dB, umjaribu mtu mwingine, maana huyo wa kwanza ameshajua.